Uzi: Mabizimu ya Kirumi, kuyatambua kuanzia mgongoni na kuyasafisha bila kuyaua

#1 Upinde (mleta uzi)

Wadau, picha za mabizimu ya Kirumi, yaani pini za kale za kufungia nguo, zinapandishwa humu kila mara na swali ni lile lile: "Hili ni la lini, na nilisafishe vipi?" Karibu zote zimepigwa kwa mbele. Mbele kuna urembo, ila umri wa bizimu unasomwa mgongoni, pale pini ilipofungwa. Anayeliosha kabla ya kutazama huko hufuta ushahidi mwenyewe, kisha anakuja kutuuliza. Tuanze na kutambua, kusafisha kufuate.

Tukubaliane majina ya sehemu. Kichwa ni upande wenye springi au bawaba. Upinde ni mwili uliojikunja, ambao nguo ilikaa chini yake. Mguu ni upande wa pili, na nyuma yake kuna kishikizo, yaani kibati kilichokunjwa ambamo ncha ya pini hulala. Mabizimu mengi hupatikana bila pini. Usife moyo, mabaki ya kichwani yanatosha.

Kabla ya kuuliza, piga picha nne: mbele, ubavuni, mgongoni, na kichwa kikitazamwa kutoka juu. Weka rula ya milimita ndani ya picha, na taa moja tu iliyolala chini upande mmoja ili michoro iliyofifia itoe kivuli. Pima urefu kwa vernia na uzito kwa mizani ya sonara. Picha ya ubavuni ndiyo inayosema mengi kuliko zote, na ndiyo watu wanayoisahau.

Halafu jiulize kwa mpangilio huu. Je, ni springi au bawaba? Kama ni springi, imetokana na kipande kile kile cha upinde, au ilitengenezwa peke yake ikafungwa baadaye? Springi ina mizunguko kulia na kushoto, na waya mmoja unavuka kuiunganisha. Waya huo unapita chini ya upinde au mbele yake? Majibu hayo matatu yanakupunguzia karne kadhaa kabla hujaangalia umbo.

Mfano: upinde mwembamba wa kipande kimoja, springi ya mizunguko minne, waya ukipita chini ya upinde. Hilo ni la aina ya Nauheim, la karne ya 1 KK, yaani la Wakelti kabla Warumi hawajatawala Galia yote (takriban Ufaransa ya leo). Wauzaji huliandika "Roman" kwa sababu neno hilo linauza. Ukiona springi ya kipande kimoja pia, lakini ina mabawa mafupi mawili kichwani na waya unapita mbele ukishikwa na kindoano, hilo ni la aina ya Colchester, la kusini-mashariki mwa Uingereza, nusu ya kwanza ya karne ya 1 BK. Mabizimu mawili yanayofanana kwa mbele yametenganishwa na kindoano cha milimita tatu.

#2 Mvita78

Mkuu Upinde, shukrani. Ninalo la milimita 54, gramu 11. Upinde ni utepe uliopinda karibu nusu duara, una mistari mitatu iliyoinuka kwa urefu, katikati kuna vitone. Mguuni kuna kifundo cha duara. Hakuna springi. Kichwa kimekunjwa kikawa bomba, na ndani ya bomba kuna kutu nyekundu. Kwenye kibamba cha kichwa, juu kidogo ya bomba, naona herufi kama AVC, kisha uchafu.

#3 Bawaba

Ndugu Mvita78, weka brashi chini. Hilo ni Aucissa, na huo uchafu unaweza kuwa umefunika I, S, S, A.

Aucissa ni jina la fundi au karakana, lilipigwa muhuri kichwani mwa baadhi yake, na aina nzima ikachukua jina hilo. Yameenea kutoka Uingereza mpaka mashariki mwa dola kwa sababu yalisafiri na majeshi. Muda wake ni tangu miongo ya mwisho KK hadi katikati ya karne ya 1 BK. Yenye jina ni machache ukilinganisha na yasiyo na jina, na herufi hazina kina kirefu. Mswaki wa meno na dawa ya meno vinatosha kuzimaliza.

Kutu nyekundu ndani ya bomba ni mhimili wa bawaba. Ulikuwa wa chuma, ndiyo maana umeoza wakati mwili umebaki. Chuma kikioza huvimba, kwa hiyo tazama kama bomba limepasuka kwa urefu. Likiwa na ufa, usilichokoe. Kutu hiyo ndiyo inayolishikilia sasa.

Kifundo cha mguuni kwa kawaida kilitengenezwa peke yake kikavikwa kwenye ncha. Kikichezacheza ni kawaida, usikigundishe kwa supaglu.

Watu huchanganya Aucissa na Hod Hill. Hod Hill ina bawaba ile ile, ila upinde wake ni mfupi, una mbavu pana na mara nyingi vijichomozo viwili ubavuni, na mguu umenyooka badala ya kufuata mzingo mmoja. Lilifika Uingereza na jeshi la mwaka 43, na kufikia takriban mwaka 70 lilikuwa limeisha kutengenezwa. Hod Hill nyingi zilipakwa bati. Weupe unaouona mabondeni kati ya mbavu ni bati. Si fedha, na wala si uchafu.

#4 Kitasa

Swali kwa wajuzi. Kwa nini baada ya Colchester walianza kutengeneza springi peke yake? Kipande kimoja kinaonekana imara zaidi.

#5 Bawaba

Sababu ni risasi, ile metali.

Springi ya kipande kimoja lazima ifuliwe: fimbo ya shaba inapigwa nyundo, inapashwa moto, inapigwa tena, ncha inavutwa mpaka iwe waya, waya unazungushwa. Kazi hiyo inataka aloi inayovumilia nyundo, na wengi walitumia brasi, yaani shaba na zinki. Baadaye mafundi wa Uingereza walihamia bronzi (shaba na bati) yenye risasi. Risasi huifanya aloi iyeyuke kwa joto dogo zaidi na ijae vizuri kwenye kalibu, hata vijisehemu vidogo. Lakini risasi haichanganyiki na shaba, inabaki matone matone ndani yake, na ukiipiga nyundo kipande kinapasuka penye matone hayo. Upinde ukawa wa kumimina, springi ikabaki ya kufua, na fundi akatafuta njia ya kuviunganisha.

Njia hizo ndizo tunazozisomea tarehe. Nyuma ya kichwa kuna kibati chenye matundu mawili: tundu moja linapitisha mhimili wa springi, la pili linashika waya. Hilo ni la ukoo wa Colchester, kuanzia takriban mwaka 50. Ukikuta ncha za mabawa zimezibwa kwa vibati na mhimili umeshikwa kati yake, ni Polden Hill. Wengine waliacha springi kabisa wakaweka bawaba.

Kwa msafishaji maana yake ni kwamba bronzi yenye risasi nyingi ni dhaifu kuliko inavyoonekana. Usijaribu kunyoosha mguu uliopinda. Hautanyooka, utakatika.

#6 Upinde

Nyongeza za haraka kwa aina zinazoulizwa sana.

Tarumbeta: kichwa kimetanuka kama mdomo wa tarumbeta, katikati ya upinde kuna kifundo chenye majani. La Uingereza, takriban mwaka 75 hadi 175.

Yenye umbo zito la Danubi: upinde umevimba sana kichwani, kuna kifundo katikati, na juu ya springi kuna kibamba cha kuikinga. Ni la majimbo ya Noricum na Pannonia, karne ya 1 na ya 2. Almgren, Mswidi aliyeyapanga kwa namba mwaka 1897, ndiye mwenye zile namba 67, 68 na kuendelea mnazoziona kwenye minada.

Goti: upinde umepinda kama goti, fupi, mara nyingi chini ya milimita 40. Mipaka ya Rhine na Danubi, katikati ya karne ya 2 hadi mwanzo wa 3.

Bamba: hayana upinde. Ni duara, sungura, farasi na mpandaji, soli ya kiatu. Mengi yana enameli, yaani kioo cha rangi kilichoyeyushiwa ndani ya vyumba vidogo, na mengi ni ya karne ya 2.

Pete iliyokatika: pini inazunguka kwenye pete yenye mwanya. Hayo yalianza kabla ya Warumi na yakaendelea baada yao, kwa hiyo bila kujua yalipochimbwa usiyape tarehe nyembamba. Tazama ncha za pete. Zilizoviringishwa, zilizokunjwa nyuma na zenye vifundo ni makundi tofauti.

Upinde-mshale: yale makubwa yenye vifundo vitatu vya kitunguu. Mwisho wa karne ya 3 hadi ya 5. Yalivaliwa begani kulia na wanajeshi na maofisa, mguu ukielekea juu. Mtazame Stilicho, jemadari wa Kirumi, kwenye pembe ya ndovu iliyoko Monza, Italia, ya takriban mwaka 400, utaona. Kadiri karne ya 4 inavyosonga, mguu unarefuka na kupambwa zaidi, upinde unafupika na kunenepa, vifundo vinakuwa vikubwa. Mengine ya mwishoni yana kifundo kimoja cha skrubu kinachofungua pini. Kifundo kikikataa kuzunguka, kiache. Mengi yamepakwa dhahabu.

#7 Msasa

Tufike kwenye kusafisha sasa. Mimi naona mnalifanya jambo gumu. Mafuta ya zeituni wiki mbili, kisha ndimu dakika kumi, brashi ya shaba, limekwisha. Linang'aa kama jipya.

#8 Mhifadhi_Shaba

Mkuu Msasa, hapo kwenye "jipya" ndipo penye tatizo.

Bizimu lililokaa ardhini miaka 1,800 lina matabaka. Nje kabisa ni udongo uliogandamana na chumvi za shaba. Chini yake kuna tabaka la kijani, malakaiti, likiwa gumu na laini likikuangukia vizuri. Chini ya hilo kuna kupraiti nyekundu-kahawia, ndipo metali iliyobaki. Uso ambao fundi aliuacha, pamoja na mistari, muhuri na alama za patasi, haumo kwenye metali. Metali ya pale ilishageuka kutu, na uso umehifadhiwa ndani ya kutu yenyewe, kwa kawaida mahali malakaiti inapokutana na kupraiti. Ndimu inayeyusha kijani na nyekundu vyote. Unachokiona kinang'aa ni metali iliyokuwa ndani, yenye vishimo, rangi ya waridi, bila mchoro hata mmoja. Bati nalo huondoka humo humo.

Mafuta ya zeituni yana asidi ya oleiki, nayo hula shaba polepole na kuacha sabuni ya kijani. Zaidi ya hapo huingia kwenye nyufa yakakauka humo, na dawa yoyote utakayotaka kuipaka baadaye haipenyi. Brashi ya waya inakwaruza. Umeme wa betri unavua kila kitu, na mashine ya mitetemo inarusha enameli nje ya vyumba vyake. Siki ni ndimu yenye jina lingine.

Njia inayofaa ni kavu, na ni ya mkono.

Vifaa: hadubini ya macho mawili ya mara 10 hadi 20 (lupu ya sonara inasaidia lakini inachosha mkono mmoja), kisu cha upasuaji chenye ubavu wa mviringo namba 15, vijiti vya mianzi, brashi laini ya rangi, pamba, asetoni, ethanoli, na maji yaliyokenekwa. Mwiba wa nungu ni kifaa cha thamani kubwa: mgumu kuliko udongo, laini kuliko malakaiti, na ncha yake unaichonga upya ikichoka. Brashi ya nyuzi za kioo inafanya kazi, lakini nyuzi zake huingia kwenye ngozi na machoni. Bila glavu na miwani, iache dukani.

Liweke bizimu juu ya mto mdogo wa mchanga ndani ya kitambaa, mguu usibebe uzito. Tazama kwanza kote bila kugusa, hasa ndani ya kishikizo na kuzunguka pini. Hapo kuna kitu ambacho watu hukifuta wakidhani ni udongo: mistari midogo inayokatana, ya kijani au ya kahawia, milimita chache tu. Huo ni mfumo wa kitambaa. Chumvi za shaba au kutu ya chuma zimeuvaa uzi wa vazi na kushika umbo lake. Ukiuona, piga picha, andika, usiuguse tena. Ni nadra kuliko bizimu lenyewe.

Kisha lainisha udongo kwa tone moja la maji na ethanoli nusu kwa nusu, kwa ncha ya brashi, sehemu ya ukubwa wa punje ya mchele. Subiri nusu dakika, chokoa kwa mwiba ukielekea nje, usibane chini. Kausha kwa pamba yenye asetoni, tazama, songa mbele. Usiliroweke zima, maana mhimili wa chuma ukinywa maji utaendelea kuoza na kupasua kichwa. Udongo ukigoma, tumia kisu kikiwa kimelala, ukiinua ganda na si kulikwangua. Ganda likikutana na uso halisi mara nyingi linaruka lenyewe, na chini yake unakuta kijani cheusi au kahawia, laini, kinachorudisha mwanga. Hapo ndipo mwisho. Ukiona wekundu, umepita mpaka, simama sehemu hiyo.

Bizimu dogo la goti lenye ganda la wastani linaweza kula jioni kadhaa.

#9 Kitasa

Maji yaliyokenekwa, je, maji ya betri ya dukani yanafaa? Na kwa nini si ya bomba?

#10 Mhifadhi_Shaba

Ya bomba yana klorini na chumvi, na kloraidi ndiyo adui tunayemkimbia. Maji ya betri yanafaa, mradi chupa iwe ya maji kweli. Kuna maduka yanaweka maji na asidi ya betri rafu moja, chupa zinazofanana. Soma kibandiko.

#11 Mvita78

Na enameli? Nina la duara lenye vyumba, vingine vya buluu, vingine kijani kibichi kinachovunjika kama chaki.

#12 Bawaba

Hicho kijani huenda kilikuwa chekundu. Nyekundu ya Kirumi ni kioo chenye risasi na shaba, na kikioza uso wake hugeuka kijani, kikifanana kabisa na kutu. Ndiyo maana watu hukichokoa chote wakabaki na chumba kitupu, halafu wanasema enameli "ilishatoka".

Tazama kwa hadubini. Kutu hupanda na kumwagika juu ya kingo za chumba. Enameli hukaa ndani ya kingo, uso wake umesawazika na mara nyingine una vishimo vya mapovu. Ukishuku ni enameli, usitumie kisu. Pamba yenye ethanoli ikizungushwa polepole inatosha. Kinachovunjika kiimarishe kabla ya jambo jingine lolote: Paraloid B-72 (utomvu wa akriliki wa wahifadhi), gramu 5 kwa mililita 100 za asetoni, tone moja kwa brashi nyembamba, liache linywe, likauke kwa siku nzima.

#13 Pwani_Kavu

Naongezea kwa walio ukanda wetu, kwa sababu maelezo mengi yameandikwa na watu wa nchi baridi. Mwenye mkusanyo Leicester akihamia Dar, Mombasa au Muscat na mabizimu yake, yanaweza kukaa kimya miaka kumi kule na kuanza kutoa unga hapa ndani ya mwezi. Tatizo halikuzaliwa na safari, lilikuwamo.

Ugonjwa wa bronzi ni hivi. Ardhini, kloraidi huingia chini ya kutu na kutengeneza kloraidi ya shaba, kitu cha kijivu kama nta kinachokaa juu ya metali. Ikikutana na hewa na unyevu hugeuka unga wa kijani mpauko na kutoa asidi, asidi inakula shaba mpya, shaba hiyo inatengeneza kloraidi tena. Mzunguko haukomi mpaka unyevu uondoke. Unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 35 mambo hutulia. Ukivuka 55 unakimbia. Hewa ya pwani yetu inakaa juu ya 70 sehemu kubwa ya mwaka. Sarafu za shaba za Kilwa huugua ugonjwa huo huo, kwa sababu hiyo hiyo.

Usichanganye na patina. Patina ni ngumu, imeshika, na kucha haiitoi. Ugonjwa ni vitone vya unga vinavyotoka kwa pamba, na chini yake kuna kishimo. Kama huna uhakika, lifuate jaribio hili: kikopo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, tishu iliyoloweshwa maji yaliyokenekwa upande mmoja, bizimu upande wa pili juu ya kipande cha plastiki lisiguse tishu. Funga, acha siku moja hadi tatu kwenye joto la chumba, uchungulie kila asubuhi. Vitone vipya vya kijani mpauko vikijitokeza, limeugua. Likibaki safi, kausha kwa asetoni ulirudishe. Lenye mhimili wa chuma au enameli inayovunjika usilipitishe kwenye jaribio hili, lichukulie kuwa gonjwa uliweke pakavu.

Uhifadhi: kontena la polipropilini, lile la chakula lenye kufuli pande nne. Mabizimu yakae kwenye mifuko midogo ya polithini iliyotobolewa, kila moja na kibandiko. Silika jeli iwe na uzito usiopungua ule wa mabizimu yote. Bizimu la kawaida lina gramu 5 hadi 25, kwa hiyo nusu kilo kwenye kontena la lita 5 ni ukarimu, na ukarimu ndio unaotakiwa pwani. Weka kipimaunyevu kidogo ndani, usitegemee rangi ya jeli peke yake, maana hubadilika ikiwa unyevu umeshapanda. Ikichoka, itandaze kwenye trei ya oveni nyuzi 110 kwa saa kadhaa, ipoe ndani ya chupa iliyofungwa. Ile ya buluu inayogeuka waridi ina kobalti, jikoni msiitumie.

Usifungue kontena kuwaonyesha wageni msimu wa masika.

#14 Msasa

Mbona makabati ya mbao ya kizamani yanapendeza hivyo na wakusanyaji wa Ulaya wanayatumia?

#15 Pwani_Kavu

Yanapendeza. Mwaloni hutoa mvuke wa asidi asetiki, na risasi ndiyo inayoumia kwanza. Kumbuka alichosema Bawaba kuhusu bronzi yenye risasi: utaona unga mweupe. Kitambaa cha sufu na mpira hutoa salfa inayoweka weusi. Plastiki ya PVC hutoa asidi hidrokloriki, yenye kloraidi, ikizeeka, yaani unampa mgonjwa kilichomuuguza. Povu jeupe la polithini ndilo salama.

#16 Kitasa

Dawa ya BTA (benzotriazoli) ya kuzuia kutu je?

#17 Mhifadhi_Shaba

Inatumika tangu miaka ya 1960, na inasaidia, ila haitoi kloraidi. Inajenga utando juu ya shaba na kupunguza kasi. Bila ukavu, ugonjwa hurudi.

Gramu 3 za benzotriazoli kwenye mililita 100 za ethanoli. Bizimu liwe limesafishwa na kukaushwa kabisa. Lizamishe saa 24 kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko. Wenye pampu ya kunyonya hewa huliweka humo ili dawa iingie kwenye vishimo. Litoe, lisuuze kwa ethanoli safi, vinginevyo utaona fuwele nyeupe juu yake. Likikauka, weka kwenye unyevu ule wa jaribio la Pwani_Kavu. Likitoa vitone, rudia. Kisha tabaka mbili nyembamba za Paraloid B-72 ya asilimia 5, ukitaka juu yake nta ya maikrofuwele, kidogo, kwa kitambaa.

BTA ni sumu na inashukiwa kusababisha saratani. Glavu za nitraili, barakoa ya vumbi unapopima unga, dirisha wazi, na mabaki usiyamwage kwenye sinki. Bizimu lililotibiwa usilishike kwa mkono mtupu, wala usiwape watoto waliguse.

Lenye enameli uliyoiimarisha kwa Paraloid usilizamishe. Ethanoli hulainisha Paraloid, utaipoteza enameli uliyoitaka kuiokoa. Hilo liwekee ukavu tu. Lenye mhimili wa chuma vilevile: chuma chenye kloraidi kinataka ukavu mkali kuliko shaba, kwa hiyo jeli ikizidi haina hasara.

Njia ya kuroweka kwenye seskwikaboneti ya sodiamu ya asilimia 5 ipo, inatoa kloraidi, lakini inachukua wiki hadi miezi na inabadilisha rangi ya patina. Kwa bizimu la mtu binafsi siipendekezi.

#18 Upinde

Kabla uzi haujahamia kwenye kemia tupu, bandia. Ziko nyingi.

Bandia nyingi ni za kumimina kutoka kwenye bizimu halisi. Dalili: vishimo vya mapovu vya duara hata mahali palipotakiwa kuwa na mistari mikali, mshono wa kalibu ubavuni, na springi ambayo mizunguko yake imeshikana kuwa donge moja. Springi halisi ni waya, mwanga unapita kati ya mizunguko. Pini iliyoungana na kishikizo tangu kalibuni haijawahi kufungwa nguo. Patina ya rangi hutoka kwa pamba yenye asetoni, ya asidi ni ya kijani kimoja kila pahali na chini yake hakuna kupraiti. Ukiona mabizimu mawili ya muuzaji mmoja yana mkwaruzo ule ule pale pale, huna haja ya hadubini.

Kuna pia ndoa za kulazimisha: upinde wa Aucissa na pini ya kitu kingine, ili liuzwe "kamili". Tazama kutu kwenye bawaba. Kutu ya kweli inaunganisha pini na bomba. Gundi inang'aa na inalainika kwa asetoni.

#19 Bawaba

Na karatasi. Uingereza na Wales, bizimu moja la bronzi kwa kawaida si hazina kisheria. La dhahabu au fedha lenye miaka zaidi ya 300 ni hazina na lazima liripotiwe, na tangu Julai 2023 vitu vya metali nyingine vyenye umuhimu wa pekee navyo vimeingizwa. Mfumo wa kurekodi vitu vya kale, ulioanza 1997, una hifadhidata ya wazi yenye maelfu ya mabizimu, picha, vipimo na mahali. Ni sehemu bora ya kulinganisha bure. Italia, Bulgaria na Uturuki vya ardhini ni mali ya dola, na bizimu "kutoka mkusanyo wa zamani wa Balkani" lisilo na karatasi liache. Umoja wa Ulaya, tangu Juni 28, 2025, kitu cha kiakiolojia chenye zaidi ya miaka 250 kilichotengenezwa au kugunduliwa nje ya Umoja kinataka leseni ya kuingizwa, bei iwe yoyote. Kwa hiyo aliyeko Nairobi au Muscat anayefikiria kuuza Ujerumani aanze na hilo.

Kibandiko cha kila bizimu kibebe: namba, aina, urefu, uzito, lilipopatikana, lilinunuliwa kwa nani na lini, na kila dawa uliyoipaka pamoja na tarehe. Atakayelishika baada yako atahitaji kujua kwamba lina BTA.

#20 Mvita78

Nimefuata: tone, mwiba, asetoni, kibamba cha kichwa pekee. Imetoka AVCI kisha S moja, baada ya hapo ganda ni gumu na chini yake naona kama wekundu pembeni. Niendelee?

#21 Mhifadhi_Shaba

Hapana. Wekundu pembeni ya herufi maana yake uso pale umeshakwisha, chini ya ganda hakuna S wala A ya kuipata. Piga picha kwa mwanga wa kulala kutoka pande nne, kausha kwa asetoni, Paraloid juu ya kibamba tu, bomba usilipake, kisha kontenani. Andika "AVCIS[..]".

#22 Mvita78

Nimeelewa. Kontena linasoma asilimia 31.

#23 Pwani_Kavu

Liangalie tena kesho jioni na baada ya wiki. Likipanda juu ya 35 mfuniko haubani, badilisha kontena kabla hujabadilisha jeli.